Kikohozi cha Kinyozi

Jumapili, 5 Mei

Wewe mtoto,

Hivi barabara ya kuja kwetu imefukiwa? Maana nimewauliza wanaopita, wananiambia ipo, tena imetiwa lami mpya. Basi itakuwa miguu yako ndiyo imekatika, na kama imekatika ungesema, tungechanga tukununulie mingine. Mwaka mzima! Kitanda chako sasa naanikia vitunguu. Jirani ananiuliza, "Mjukuu wako yule wa mashua hajambo?" Namwambia hajambo, anakula anashiba, ndiyo maana amesahau alikotoka.

Shikamoo yako naiitikia kabisa, marahaba, ili ukijibu usinimalizie karatasi kwa salamu.

Haya. Chama chetu kinakufa, nami sitaki kukuzungusha. Ulipoondoka tulikuwa tunajaza mashua mbili ndefu na watu wanabaki gatini wakinuna. Leo tuko saba, na mimi kwenye usukani. Mwalimu ametoka, anasema ana mitihani ya kusahihisha. Mitihani gani hiyo ya mwezi wa kwanza mpaka wa tano? Muuza magodoro anasema mgongo. Mtu analala juu ya bidhaa yake kila siku, mgongo unatoka wapi? Na wale wachumba wetu wawili, harusi imefanyika, bibi harusi ana mimba, hapo nimekubali. Lakini bwana naye ana mimba? Nilimuuliza hivyo hivyo, mbele ya watu, akaangalia viatu vyake.

Sasa baraza la vyama vya mashua limetuletea barua. Tarehe 22 Juni, Jumamosi, siku ya kufungua msimu, kila chama kitoe mashua ndefu iliyojaa: wapiga makasia wanane na mshika usukani. Si lazima kushinda. Hata ukifika wa mwisho unalia, mradi umejaa. Chama kitakachopungukiwa kiti kimoja kinarudisha funguo za banda. Na unajua nani analisubiri banda letu? Hoteli ya pembeni. Wanataka kupanga viti wageni wakae wanywe soda, mahali ambapo mume wetu alipiga bati kwa mkono wake akiwa na homa. Wewe ni mke mwenzangu, hilo likuume na wewe.

Kwa hiyo wa nane ni wewe. Kiti namba nane, kile chako, kinachoangaliana na mimi. Usiniambie umesahau kuvuta.

Mimi mzima kuliko nilivyokuwa. Tena nina habari: miwani nimeitupa! Nasoma maandishi ya kwenye pakiti ya dawa bila kitu usoni. Tundu la sindano naliona kama mlango. Barua hii naiandika hivi hivi. Shule sikwenda, herufi ulinifundisha wewe ukiwa darasa la pili, ukinichapa vidole kwa kijiko, na leo naziona vizuri kuliko siku ile. Ni bahati, kwa sababu nyie wapiga makasia mnakaa mmeipa safari mgongo, hamjui hata mnakokwenda. Macho ya mashua ni ya mshika usukani peke yake.

Anayenitia wasiwasi ni Kinyozi. Yuko kiti namba moja, kule mbele kabisa, na anakohoa mno. Tukiwa gatini kimya, tukiingia majini tu kifua kinaanza. Mara moja, mara mbili, mara moja. Nimempelekea asali na tangawizi. Ananishukuru, halafu anaendelea.

Barua nampa dereva wa basi. Simu sitaki, inanikatia maneno njiani.

Bibi yako


Ijumaa, 10 Mei

Bibi yangu,

Shikamoo hata kama umeshaitikia.

Umenichana vilivyo, na nimestahili. Lakini toa vitunguu kitandani, mke mkubwa, hujanipa talaka bado.

Kiwandani ni mbio tupu. Rangi za nyumba zikitoka kwenye mapipa lazima mtu azipake kwenye kipande cha bati, asubiri zikauke, aseme hii ndiyo ile ya jana au siyo. Mtu huyo ni mimi. Siku nzima naangalia rangi ya maziwa na rangi nyingine ya maziwa. Mnyapara wetu anapita nyuma akisema, "Angalia vizuri, mteja akigundua tofauti ukutani kwake atakuja kugundua na mshahara wako." Chumba nilichopanga dirisha lake linatazama ukuta wa kiwanda cha uchapaji, mashine zao zikianza kikombe kinatembea mezani chenyewe. Nakaa, nasimama, nakaa. Siku hizi situlii.

Kuhusu tarehe 22, Bibi, siwezi kuahidi. Jumamosi huku tunafanya kazi. Nitaomba, lakini usinihesabu.

Ningekuvizia kwa simu hata kama hutaki, ila sauti imenikauka tangu Jumamosi, natoa mlio kama wa bata.

Nimefurahi sana kuhusu macho yako. Kinyozi mwambie aende akapimwe, asicheze na kifua.

Nawasalimia saba waliobaki.

Mjukuu wako


Jumapili, 19 Mei

Mke mwenzangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta neno "nakuja". Halimo.

Halafu mimi si mtoto. Kwenye rangi ya maziwa mnapigiana kelele za nini mpaka sauti ikauke? Jumamosi mnafanya kazi, sawa, na sauti ikakauka Jumamosi, sawa. Kazi ya kuangalia bati inataka sauti? Kama kuna mwanamume unagombana naye kila mwisho wa juma, mlete nimwone. Nikimwona nitajua kama anafaa kugombana naye au kuachwa tu.

Naona vifua ni ugonjwa wa chama kizima. Kinyozi nimemtoa kwenye mashua.

Usishtuke, sikumfukuza. Jumanne iliyopita tulikuwa tunakaribia kona ya pampu ya zamani akaanza, akakohoa mpaka nikamhurumia. Mke wake ana watoto wadogo. Tuliporudi gatini nikamwambia, "Baba, toka humo. Hutagusa kasia mpaka daktari akuandikie kwamba kifua kimepona. Sitaki kumzika mtu kwa ajili ya kombe la bati." Unajua alifanya nini? Alimwangalia Fundi wa kiti namba tano. Fundi akaangalia paa. Mama Mikate, mwenzao wa makasia, akaanza kufunga kamba za viatu ambavyo havina kamba. Nikauliza, "Kuna nini?" Wakasema, hakuna kitu Bibi. Kinyozi akasema, "Bibi, mimi siumwi." Nikamwambia kila mgonjwa husema hivyo, nenda nyumbani.

Aliondoka machozi yakimlenga. Mtu mzima na mkasi wake mfukoni. Hivyo ndivyo anavyokipenda chama, na wewe unaniambia nisikuhesabu.

Sasa tuko sita. Yeye akipona ni saba. Wewe ni wa nane, hilo sijalifuta. Muombe huyo mnyapara. Akikataa nipe jina la mama yake nimwandikie.

Bibi yako


Alhamisi, 23 Mei

Mwanangu,

Ni mimi Fundi, yule wa kuziba mashua, kiti namba tano. Najua hutegemei barua yangu, mimi mkono wangu umezoea randa. Lakini maji yamenifika shingoni.

Bibi yako haoni mbali.

Nimeandika, basi. Karibu anaona kuliko sisi sote, ukimpa sindano anakutungia uzi huku anakutukana. Lakini ukivuka kama urefu wa banda, kwake ni moshi. Imeanza zamani kidogo, wewe ulikuwa umekwisha kuondoka. Tuligonga boya, akasema boya limelegea. Tukapanda kwenye matete, akasema upande wa kulia tunavuta kama tunachota uji. Watu wakaanza kutoka mmoja mmoja. Mitihani, mgongo, mimba. Hakuna mitihani, mwanangu. Walikuwa wanaogopa vitu viwili, maji na kumwambia.

Sisi tuliobaki tukatafuta njia. Kinyozi yuko mbele kabisa, anaweza kuchungulia nyuma ya bega lake bila Bibi kumwona. Tukakubaliana: akikohoa mara moja, kushoto, mara mbili, kulia. Nasi tunavuta zaidi upande mmoja kumsaidia usukani. Ikafanya kazi vizuri ajabu. Mpaka yeye mwenyewe akawa anasema, "Siku hizi mnanielewa kabla sijasema."

Halafu akamtoa Kinyozi kwa kumhurumia.

Jumanne tumekwenda majini bila kikohozi. Tumeigonga ile nguzo ya zege ya pampu ya zamani, nguzo iliyokaa pale tangu kabla hatujazaliwa. Pua ya mashua imepasuka, hiyo nitaiziba. Mama Mikate ameteguka kifundo cha mkono, hakuvunjika, mshukuru Mungu. Bibi alikasirika sana. Alisema nguzo imesogezwa.

Hakuna aliyecheka.

Mimi siwezi kumwambia. Nilipofika hapa sikuwa na baba wala mama, sijui hata kuogelea, akanikalisha kwenye mashua akasema, "Ukizama nitakufuata, vuta." Nitafungua vipi mdomo? Wewe ni damu yake. Mwambie wewe.

Fundi


Jumatatu, 27 Mei

Baba Fundi,

Shikamoo.

Mnamkoholea mtu mzima! Kikao kizima cha watu wenye akili zao, mkakaa mkapanga kikohozi! Na asali ya watu mkanywa!

Samahani. Nimeandika mstari huo, nimezunguka chumba, nimerudi, sijaufuta.

Kwa nini mimi? Yeye amenilea tangu nikiwa mkubwa kama paka. Kiti kile cha usukani ndicho kimebaki kwake tangu Babu aondoke. Nikimwambia, nimemnyang'anya. Nisipomwambia, mtu atazama. Ningekuwa hapo pengine na mimi ningekohoa.

Usitoe mashua mpaka nikwambie. Toboa tundu kama ni lazima, wewe ni fundi, unajua pa kutoboa.

Mwanao


Jumamosi, 1 Juni

Bibi yangu,

Barua hii nimeianza mara nyingi, kapu la takataka limejaa. Isome ukiwa umekaa.

Kinyozi haumwi kifua. Alikuwa anakuonyesha njia. Akikohoa mara moja ni kushoto, mara mbili ni kulia. Walikubaliana wote kwa sababu huoni mbali, Bibi, na wote wanajua isipokuwa wewe. Nguzo ya pampu haikusogezwa na mtu.

Nimemuuliza nesi wa zahanati yetu hapa kiwandani. Nilimweleza habari ya miwani uliyoitupa na pakiti za dawa. Hakushangaa hata kidogo. Alisema wazee wengi huja wakifurahi hivyo hivyo, wanasoma vizuri ghafla, kumbe ni mtoto wa jicho anakua: cha karibu kinasogea, cha mbali kinaingia ukunguni. Alisema jicho linafanyiwa upasuaji mdogo, mtu anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Lakini lazima mwenye tatizo akubali kwamba analo.

Kuna jambo lingine, na hili ni langu. Jumamosi siendi kazini. Nilikudanganya. Huku mjini kuna chama cha mashua, kidogo, cha watu wa viwandani, na mimi ndiye nashika usukani wao. Sauti inanikauka kwa ajili hiyo. Hakuna mwanamume. Sikukwambia kwa sababu uliniweka namba nane, uso kwa uso na wewe, kuanzia nikiwa binti mdogo, na kila siku niliyovuta nilikuwa naangalia mikono yako kwenye zile kamba za usukani nikitamani. Kwako kiti hicho cha usukani kilikuwa na mwenyewe. Nikaja kukitafuta mahali pengine.

Sasa utadhani naandika haya ya macho ili nikichukue. Nimeshajua utadhani. Ndiyo maana kapu limejaa.

Mjukuu wako


Jumatano, 5 Juni

Barua yako nimeipata. Nimeisoma bila miwani, yote, hata pale ulipofuta.

Kumbe una mashua. Hongera.

Usije.

Bibi


Jumatatu, 10 Juni

Mwanangu,

Sijui ulimwandikia nini, lakini najua ulimwandikia.

Alhamisi alikuja bandani asubuhi kabla yetu, akafunga mlango kwa kufuli lake, akaondoka na ufunguo ameutia kifuani. Mashua iko ndani, pua nimeiziba, gundi imekauka, na hatuna njia ya kuitoa. Nimekwenda kwake, nikaambiwa kupitia dirishani, "Bandani hakuna kazi, nenda ukatengeneze meza." Mama Mikate alikwenda na mkono wake umefungwa kitambaa. Yeye alifunguliwa. Bibi aliushika ule mkono, akaugeuza, akaukanda kwa mafuta muda mrefu, kisha akamwonyesha mlango.

Jana watu wa hoteli wamekuja na futi kupima ukuta wa nje. Walipima na dirisha. Niliwauliza wametumwa na nani, wakasema tunapima tu mzee. Kinyozi alitaka kuwapiga. Tumemshika.

Sikulaumu. Nilikuomba mwenyewe. Ila watu wananiuliza kama wakauze makasia.

Fundi


Alhamisi, 13 Juni

Bibi,

Umesema nisije, sitakuja bila ruhusa yako. Lakini kuandika hukunikataza.

Leo nimekosea rangi. Nimepitisha pipa zima la rangi ya mchanga kuwa rangi ya maziwa. Mnyapara amenishika bega akaniuliza nimelala wapi. Sijalala popote. Nikifumba macho naona kufuli.

Kama ni mimi unayenikasirikia, nifungie mimi mlango. Banda wafungulie wao. Jumamosi ile ya tarehe 22 iko karibu mno.

Sitaki kiti. Sikia Bibi, sikitaki. Nimewaambia wenzangu wa huku watafute mtu mwingine.

Mjukuu wako


Jumapili, 16 Juni

Wewe kichwa ngumu,

Wafuate hao wenzako leo hii, uwaambie ulikuwa na homa, ulipowaaga hukuwa na akili zako. Mtu haachi usukani kwa sababu bibi yake amenuna. Nimekulea vibaya kiasi hicho?

Sasa kaa, maana nitakwambia yote, na sitarudia.

Barua yako ile ya habari za macho ilinichoma. Nilisema mtoto huyu anataka kiti changu, ametafuta na nesi wa kumsaidia. Nilifunga banda. Nilikaa ndani nikisoma kila kitu kilichoandikwa humu, makopo, kalenda, gazeti lililofungiwa misumari, nikisema haya, nani haoni? Naona kila kitu! Nikachoka kusoma. Mtu mwenye macho mazima hahitaji kujithibitishia kwa kopo la dawa ya viatu.

Ijumaa asubuhi nikatoka kwenda ziwani peke yangu. Kule ng'ambo, karibu na pampu, nikamwona mtu amesimama majini, amevaa shati jekundu. Nikamwamkia. Kimya. Nikapaza sauti, "Wewe bwana, huna mdomo?" Kimya. Nikasema ni wale wa hoteli wamekuja kupima na maji. Hasira zikanipanda, nikazunguka ufuko mzima, matope mpaka magotini, nikimtukana njiani. Nilimtukana na ukoo wake. Nilifika nikiwa nimekwisha kunyoosha kidole.

Ni ile nguzo, mtoto. Mtu aliyekuwa anavua alikuwa ameianikia shati lake. Alikuwa amekaa pembeni na ndoano yake, ananitazama kwa adabu. Akasema, "Shikamoo Bibi. Shati ni langu, kama limekukosea niwie radhi."

Nilikaa chini palepale. Yule kijana wa watu akanipa maji ya kunywa.

Nikatoka hapo na matope yangu, moja kwa moja mpaka kwa Kinyozi. Alikuwa amemnyoa mtu upande mmoja. Nikakaa kwenye kiti cha pili, nikafumba macho, nikamwambia, "Kohoa." Akasema, Bibi, jamani. Nikamwambia kohoa au nasema ya utotoni mwako mbele ya mteja. Akakohoa mara moja. Na mkono wangu wa kushoto ukavuta! Peke yake, hewani, hakuna kamba, hakuna mashua. Akakohoa mara mbili, wa kulia ukavuta. Mikono ilikuwa inajua siku zote. Kichwa ndicho hakikuwa kimeambiwa.

Nililia kwenye kiti cha kinyozi kama mtoto anayenyolewa mara ya kwanza. Na yeye akalia, na wembe mkononi. Yule mteja wa nusu kichwa akasimama akataka kuondoka, tukamrudisha.

Sikuwa na hasira ya macho. Macho yanazeeka, na mimi nimezeeka nayo. Kilichonikaba ni kwamba watu ninaowatukana kila siku, watu nisiowaficha hata chunusi iliyowatoka puani, wote walikaa wakaniogopa. Mwalimu aliona afadhali aitwe mvivu mbele ya watu kuliko kuniambia. Nimekwenda kwake jana. Nikamwambia, mitihani yako nimeisahihisha, umefaulu. Akacheka, lakini harudi, ameshazoea Jumamosi zake. Muuza magodoro naye harudi. Waliotoka wametoka. Nimewaachia, nimewabusu watoto wao, nimerudi na godoro la mtoto ambalo sina kazi nalo.

Na wewe peke yako ndiye hukukohoa. Uliniandikia ukaniambia. Nikakujibu kwa mistari ambayo hata mbwa hajibiwi. Hilo nimelimeza, linashuka polepole.

Banda nimefungua. Watu wa hoteli walikuja tena na futi yao, nikawashikia ncha moja ili wapime vizuri, nikawaambia andikeni, mtaulizwa. Daktari wa macho nimemwona. Ameniambia, "Mama, una mtoto wa jicho, macho yote mawili." Nikamwambia kuzaa umri huu ni jambo la kujivunia, wawili kwa mpigo. Watanipasua mwezi wa saba. Alitaka mapema, nikamwambia tarehe 22 nina shughuli.

Sasa hesabu na mimi. Kinyozi amerudi na kifua chake kizima, hao ni saba. Mkono wa Mama Mikate umepona, jana amekanda unga. Tunataka wa nane, na tunataka mtu wa usukani. Wewe ni mmoja, huwezi kukaa viti viwili, na Fundi alikaa akishika kichwa. Nikamwambia Fundi, mpiga makasia anaangalia nyuma, siyo mbele. Anahitaji mgongo, mikono, na sikio la kusikia anachoambiwa. Macho ya mbali ya nini? Akanitazama kama nimerukwa na akili. Nikaingia kwenye mashua pale pale bandani, juu ya vigingi vyake, nikakaa namba nane, nikashika kasia. Kabla mume wetu hajanifundisha usukani nilikuwa nashika nini, unadhani? Nilivuta nikiwa na mama yako tumboni.

Jana tumetoka majini, Fundi akiwa usukanini kwa muda. Fundi kwa usukani ni msiba, lakini tulirudi. Leo mabega yananiuma mpaka kushika kalamu ni kazi, ona mwandiko. Wa namba nane ndiye anaweka mwendo, kwa hiyo mwendo utakuwa wa kikongwe na wote watanifuata hivyo hivyo. Si lazima kushinda. Ni kujaza.

Nasi tutajaza ukija. Ruhusa nakupa, tena nakuamuru. Nimefikiri jambo moja nikiwa nimekaa pale: kutoka namba nane mpaka kwa mshika usukani ni karibu, magoti yanakaribia kugusana. Cha karibu nakiona sawasawa. Nitakuwa nakuona uso wako wote, na huko mbele utakuwa unaangalia wewe.

Usinipendelee na usinilegezee sauti. Ukinihurumia watajua, watakuhurumia na wewe, halafu mashua nzima itakuwa ya huruma, na ya namna hiyo haifiki. Unapotaka kushoto, sema kushoto. Asikohoe mtu.

Basi sikiliza vizuri. Jumamosi ukishuka kwenye basi usipitie nyumbani, sitakuwepo, na chai haipo. Njoo moja kwa moja bandani, usimwamkie mtu, ingia kwenye mashua ukae kwenye kiti kile na ushike kamba. Mimi nitakuwa nimekwisha kukaa. Ndani ya maji sina ubibi, niite namba nane. Na nikichelewa kuvuta hata mara moja, nitukane kwa sauti yote uliyobakiwa nayo, wale waliokaa kwenye viti vya hoteli wasikie kwamba hapa pana chama.

Bibi yako